Tope kwenye rejeta ya gari ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunaongea na wenye gari zilizokwisha kula chumvi, Corolla 110, Carina, Mark II GX100, Noah za mwanzo, Hiace, Prado za dizeli na wenzao. Umefungua mfuniko wa rejeta ukakuta tope, fundi wa kwanza kasema "flashi tu bosi", wa pili kasema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya sehemu mbili za injini, bloki na hedi) imekufa, wa tatu ana rejeta ya kukuuzia. Inawezekana wote watatu hawajaingiza hata kidole humo ndani. Soma kwanza ndio utoe hela.

Hivi hili tope linatoka wapi wakati mimi naongeza maji safi kila asubuhi?

Hapo kwenye "kila asubuhi" ndio pa kuanzia. Gari isiyo na tatizo haiongezwi maji kila siku, mfumo wa kupoza injini umefungwa, maji yaliyomo leo ndio yanatakiwa yawemo mwezi ujao, kama yanapungua kuna mahali yanatokea. Na kila ukiongeza unaingiza hewa na chumvi mpya mle ndani. Injini nyingi za miaka ile bloki (mwili wa injini) ni chuma, hedi (sehemu inayokaa juu yake) ni aluminiamu, rejeta ni aluminiamu au shaba, sasa vyuma tofauti vimelowekwa kwenye maji ya moto yenye chumvi bila dawa ya kuzuia kutu, unategemea nini? Chuma kinaoza, kutu inabanduka, inazunguka na maji mpaka inafika kwenye mirija myembamba ya rejeta inatulia hapo.

Ila hilo ni tope la kutu tu, kuna mengine hayana uhusiano na maji yako kabisa, shuka chini.

Nitajuaje la kwangu ni la aina gani?

Injini ikiwa ya baridi, narudia, ya baridi, fungua mfuniko uingize kidole, chota kidogo usugue kati ya vidole viwili.

Likiwa la kahawia, lina chengachenga kama mchanga na linaacha doa la kutu kwenye ngozi, hiyo ni kutu, ndio habari nzuri kuliko zote kwenye orodha hii. Ukikuta pia ukoko mweupe mgumu chini ya mfuniko na kwenye shingo ya rejeta, hiyo ni chokaa ya maji magumu, mara nyingi zinatembea pamoja na kutu.

Likiwa jeli, linavutika, la kijani au la pinki chafu au halieleweki rangi, lakini halina utelezi wa mafuta, hapo kuna kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) mbili zisizopatana zimekutana, dawa za ndani zimegombana zikaganda.

Likiwa linateleza, rangi ya chai ya maziwa, ukinawa kwa maji matupu halitoki mpaka sabuni, hiyo ni oili ya injini. Likiwa linateleza hivyohivyo ila ni la pinki na gari yako ni ya oto, hiyo ni oili ya giaboksi, usiwashe tena hiyo gari, nenda moja kwa moja kwenye swali la giaboksi huko chini.

Kama bado una wasiwasi chota ujaze glasi, iache mezani mpaka kesho yake. Kutu inazama chini, mafuta yanapanda juu au yanabaki yamechanganyika na maji kama krimu. Hiki kipimo ni cha bure na kinamzidi fundi anayeangalia kwa mbali huku kashika simu.

Halafu angalia na upande wa pili, chomoa dipstiki ya oili na ufungue mfuniko wa kuwekea oili. Utando mweupe kidogo chini ya mfuniko tu, kwa mtu wa Arusha au Njombe anayewasha gari asubuhi na kwenda safari fupi fupi, unaweza kuwa mvuke umeganda, usipaniki. Ila kama dipstiki yenyewe imekuja na oili iliyofanana na maziwa, maji yameshaingia kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), hapo huna hata sababu ya kuwasha.

Oili imeingia kwenye maji lakini oili yenyewe kwenye dipstiki iko safi. Ni gasketi?

Sio lazima. Injini ikiwa inafanya kazi presha ya oili ni kubwa kuliko presha ya maji, oili inaweza kufika bar 3 au 4 wakati maji yako kwenye bar 1 hivi, kwahiyo kukiwa na tundu kati yao oili ndio inayosukumwa kwenda kwenye maji. Dizeli nyingi zina kipoza oili kinachopitiwa na maji, hicho kikitoboka unapata rejeta imejaa krimu na dipstiki safi. Mwambie fundi akague hicho kabla hajafungua hedi, kazi mbili hizi gharama zake ni mbingu na ardhi.

Gasketi ya hedi ina dalili zake nyingine: mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta ukiwasha bila mfuniko (washa ikiwa baridi), hozi ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha hata kabla injini haijapata moto, moshi mweupe usiokata, kichupa cha rizevu kinajaa mpaka kinamwaga. Mafundi wenye vifaa wana kile kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta, gesi ya moshi wa injini ikipita yanageuka njano. Na kwa wenye Prado na Surf za 1KZ, hedi za injini hizo zinajulikana kwa kupasuka, kwahiyo hapo usiishie kwenye gasketi, hedi ipelekwe ikapimwe.

Kulanti ya pinki, nyekundu, kijani, bluu, nichanganye tu si zote kulanti?

Hapana aisee. Rangi inatiwa tu kiwandani, haina sheria ya dunia nzima, kijani ya kampuni moja inaweza kuwa kitu tofauti kabisa na kijani ya kampuni nyingine. Kinachojalisha ni dawa za kuzuia kutu zilizomo. Zile za zamani zilitumia silikati, za Kijapani kwa kawaida zinakwepa silikati na kutumia fosfati pamoja na asidi ogani, na kuna zinazotumia asidi ogani peke yake. Ukichanganya hovyo unaweza kupata jeli, au usipate jeli lakini dawa zikaisha nguvu mapema na usijue.

Toyota wenyewe wana nyekundu ya zamani na pinki iliyokuja baadaye, inayodumu zaidi na mara nyingi inauzwa tayari imeshachanganywa na maji. Soma kopo, tafuta iliyoandikwa inafaa gari za Kijapani, basi. Na hujui iliyomo ndani ya gari ni ipi? Usiongezee, mwaga yote uanze upya. Umeishiwa njiani? Ongeza maji, sio kulanti ya kubahatisha.

Maji gani hasa niweke? Ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya chupa?

Maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri yanayouzwa petroli stesheni na maduka ya spea. ILA soma lebo vizuri, maana kwenye shelfu hilohilo kuna asidi ya betri na chupa zinafanana, ukimimina asidi kwenye rejeta ya aluminiamu hutahitaji tena ukurasa huu.

Maji ya kisima cha Dar hasa maeneo ya karibu na bahari yana chumvi unayoionja kwa ulimi, Mombasa hivyohivyo, na kloridi ndio adui mkubwa wa aluminiamu, inatoboa vitundu vidogo vidogo. Maji ya mvua yaliyokingwa safi, sio yaliyopita kwenye bati lenye kutu, ni bora kuliko ya kisima. Ya chupa ya kunywa ni ya dharura.

Niko Dar, hakuna barafu huku, kulanti ya nini sasa?

Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Sisi tunaihitaji kwa kutu, kwa kulainisha sili ya pampu ya maji na kupandisha kiwango cha kuchemka. Ndio maana robo tatu ya rejeta zenye tope la kahawia ninazoona mtaani mwenyewe alikuwa anatumia maji matupu. Kwa joto letu theluthi moja mpaka nusu kulanti inatosha. Usijaze kulanti tupu bila maji ukidhani unaipenda gari, kulanti peke yake inabeba joto kidogo kuliko maji, utachemsha.

Haya nimeona ni kutu. Naflashije mwenyewe?

Kwanza injini ipoe kabisa, shika hozi ya juu ya rejeta, kama bado ina joto kaa usubiri. Weka beseni chini, fungua koki ya chini ya rejeta, ikiwa imekufa (na kwenye gari hizi huwa imekufa, usiilazimishe, plastiki yake inakatika) vuta hozi ya chini. Injini nyingi za Toyota za zamani zina nati ya kumwagia maji pembeni ya bloki pia, wengi hawajawahi kuigusa toka gari ishuke melini, na tope lote zito liko hapo. Ikifunguka utashangaa kitakachotoka.

Toa themostati (valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda rejeta) kwa muda, rudisha nyumba yake bila themostati. Hita iweke kwenye moto mwisho, hata kama huitumiagi, ili maji yapite na kule. Sasa suuza kinyumenyume, yaani chomoa hozi zote mbili, ingiza mpira wa maji kwenye mdomo wa chini wa rejeta ili uchafu usukumwe urudi ulikotokea, presha ya bomba la kawaida tu. Kuna watu wanaweka upepo wa kompresa, rejeta yenye matanki ya plastiki ya miaka 20 unaipiga upepo wa kujazia tairi, itapasuka kwenye maungio na utalaumu mchina aliyeitengeneza.

Fanya mpaka maji yatoke meupe, halafu bloki nayo hivyohivyo.

Kama kutu imeshika sana tumia sitriki asidi, ule unga mweupe wanaouza maduka ya kemikali na ya vifaa vya kuoka. Gramu 50 kwa kila lita ya maji ya mfumo, gari za cc 1500 nyingi zinachukua lita 5 mpaka 7 kwahiyo piga hesabu. Yeyusha kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, mimina, ongezea maji mpaka ijae, washa injini ifike joto lake la kawaida, iache inaunguruma kama nusu saa huku macho yako kwenye mshale wa joto, zima, IPOE, mwaga. Itatoka rangi ya kutisha. Suuza na maji mengi, jaza, washa, mwaga, rudia mpaka yatoke masafi, asidi isibaki ndani hata kidogo. Usilaze gari na asidi ndani eti ifanye kazi usiku kucha.

Themostati rudisha, mpira mpya, kale kavalvu kadogo ka kutolea hewa kakae juu.

Nikishasuuza, kulanti naiweka vipi? Nilinunua ile iliyochanganywa tayari.

Hapa wengi wanapigwa bila kujua. Ukishasuuza kuna maji yamebaki ndani ya bloki na hita, hayatoki yote. Tuseme gari inachukua lita 6 na lita 2 na nusu zimebaki, ukijazia ile iliyochanganywa nusu kwa nusu unaishia na kama asilimia 30 ya kulanti, tena maji yaliyobaki ni ya bomba uliyosuuzia. Kwahiyo suuzo la mwisho lifanye na yale maji ya kuongezea betri (sio asidi), halafu nunua kulanti isiyochanganywa, weka kwanza lita 3, ndio umalizie na maji.

Mimina polepole, minya minya hozi ya juu hewa itoke, washa bila mfuniko hita ikiwa kwenye moto, pua ya gari iwe juu kidogo kama una mwinuko karibu, subiri themostati ifunguke (nyingi za Toyota ni kwenye nyuzi 82 hivi) utaona kiwango kinashuka ghafla, ongeza, funga. Kesho yake asubuhi angalia tena.

Sabuni ya unga je? Na soda?

Sabuni ya unga inatoa povu, povu ni hewa, na hewa haipozi injini. Kwa tope la oili kinachofaa ni sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo, ile isiyotoa povu, supamaketi kubwa wanayo. Iyeyushe kwenye maji ya moto na uichuje kabla ya kumimina, zungusha muda mfupi, mwaga, suuza sana, kwa sababu ni kali kwa aluminiamu. Na usianze kuosha oili kabla tundu halijazibwa, utaosha leo na keshokutwa imejaa tena.

Soda ina asidi kidogo na sukari nyingi. Kunywa.

Oili pia inakula mipira. Baada ya kuosha minya hozi zote, iliyolegea na kuvimba ibadilishe, inakungoja ukiwa Chalinze saa nane usiku ndio ipasuke.

Gari ya oto, tope la pinki linateleza. Kuna nini?

Gari nyingi za oto oili ya giaboksi inapozwa ndani ya tanki la chini la rejeta, kuna kibomba humo kimezungukwa na maji. Kikioza, maji na ATF (hiyo oili ya giaboksi) vinachanganyika, na vinachanganyika pande zote mbili, hii ndio mbaya, kulanti inaenda kwenye giaboksi inalegeza gundi iliyoshikilia pedi za klachi. Kila kilomita unayoendesha unailipia. Vuta gari kwa breakdown, tena magurudumu yanayoendeshwa na injini yawe juu, badilisha rejeta (sio kuichomelea), na giaboksi imwagwe na kusafishwa mpaka oili itoke nyekundu safi. Ukiwahi, giaboksi inaweza kupona.

Fundi anasema aitoe themostati kabisa, "nchi ya joto haihitajiki".

Mkatalie kwa heshima. Kuna injini ambazo themostati ikifunguka inafunga njia ya mkato ya maji, ukiitoa ile njia inabaki wazi na maji mengi yanazunguka kwenye injini bila kupita rejeta, kwahiyo unachemsha zaidi. Na zile ambazo hazichemshi zinakimbia zikiwa baridi, mafuta yanaliwa, oili inachafuka. Ipime, sufuria ya maji jikoni, iningʼinize kwa uzi isiguse chini, ikianza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake ni nzima.

Mjini haina shida, nikipanda mlima Kitonga inachemsha. Foleni ya Mbagala inakaa fresh kabisa.

Inaelekea rejeta yako imeziba. Kanuni ya haraka: ikichemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, angalia feni na upepo. Ikichemsha kwenye mlima au mwendo mkubwa, maji hayapiti ya kutosha, mirija imeziba au pampu imeliwa mapanga. Angalia na hozi ya chini mtu akikanyaga mafuta, ikinywea kama imefyonzwa basi pampu inavuta na rejeta haitoi. Ila kwenye mlima gasketi iliyoanza kuchoka nayo hujionyesha, kwahiyo pima mapovu kwanza.

Usisahau mfuniko. Ni kitu kidogo lakini wa presha ya 0.9 (namba imeandikwa juu yake) ukiwa mzima unafanya hata maji matupu yasichemke mpaka kama nyuzi 118, springi ikilegea unachemkia 100. Nunua wenye namba ileile, usipande kwenda 1.1 eti ni bora, rejeta nzee haitapenda.

Nizibue rejeta au ninunue nyingine?

Ya shaba ya zamani, mpelekee fundi rejeta anayejua, anabandua matanki, anapitisha chuma chembamba kwenye kila mrija, anachomelea upya, inaishi miaka. Ya aluminiamu yenye matanki ya plastiki inaweza kufunguliwa kwa kunyanyua meno yaliyokunjwa ila meno yanakatika na mpira wake uupate, mimi naona ikishaziba nusu nunua. Kariakoo na Gerezani zipo, Nairobi watu wanaenda Kirinyaga Road. Mtumba ukichukua mwagia maji mdomo wa juu uone yanatokaje chini, na chungulia ndani kwa tochi ya simu, usije ukanunua tope la mwenzio.

Manjano, yai, dawa ya kuziba rejeta ya dukani, vipi?

Vinaziba kweli. Havichagui cha kuziba ndio tatizo, vinaziba tundu na vinaziba hita na vinaziba mirija mizima. Kama uko porini na yai ndio litakufikisha nyumbani, weka, lakini ukifika hiyo rejeta ishushwe, yai lililoiva na kukaa miezi mitatu ndani ya injini linanuka kuliko unavyofikiria.

Nimeflashi, wiki mbili tope limerudi.

Kama ni la kahawia na ni jembamba, ni lile lililobaki kwenye bloki na hita limelegea, suuza tena mara moja. Kichupa cha rizevu uliosha? Wengi wanakisahau, kinarudisha uchafu wote ndani. Kitoe, weka konzi ya mchele na maji, tikisa kwa nguvu, kuta zinang'aa. Kama ni lenye mafuta, na tundu ulishaziba kweli, ni masalia, osha tena. Kama hukuziba unajua jibu.

Na kama baada ya kusafisha rejeta imeanza kuvuja, dawa haijaitoboa, ilikuwa imetoboka siku nyingi na kutu ndio iliyokuwa imeshikilia.

Imechemsha niko njiani, nifanyeje?

Zima AC, washa hita moto mwisho na feni yake, utatoka jasho lakini inabeba joto. Mshale usiposhuka weka pembeni, zima. Usifungue mfuniko, yale maji yanaruka yakiwa juu ya nyuzi 100 na yanabandua ngozi ya uso, hata ukifunika kwa kitambaa. Subiri hozi ishikike kwa mkono. Na usimwagie injini ya moto maji ya baridi hata kondakta akikushauri, hedi inapinda au inapasuka.

Kulanti nibadilishe baada ya muda gani?

Nyekundu ya Toyota ya zamani ni kama miaka 2 au kilomita 40,000. Pinki inaenda mbali, kiwanda kinasema kilomita 160,000 ya kwanza kisha kila 80,000, lakini hiyo ni kwa mfumo safi uliojazwa kiwandani, kwa gari iliyowahi kuwa na tope mimi nisingepitisha miaka 2 na yoyote ile.

Yale maji machafu niliyomwaga kwenye beseni, nimwage wapi?

Sio kwenye mtaro na sio chini ya mwembe. Kulanti ina utamu, mbwa, paka na kuku wanailamba na inaua figo, mtoto vilevile, kiasi kidogo tu kinatosha. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, andika juu SUMU kwa maka peni, lisiwe dumu la maji ya kunywa wala la mafuta ya kula, halafu peleka gereji inayokusanya oili chafu waulize kama wanapokea. Beseni lioshe kwa sabuni na libaki kuwa la gereji, lisirudi jikoni.